Kopo la Nne

Jumapili asubuhi mama mkwe alifungua kapu la mkaza mwanawe, akatoa mfuko wa pamba, akaunusa, akaurudisha, kisha akautoa tena.

"Hiki ndicho kitakachowekwa mbele ya mkaguzi?" aliuliza, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumjibu.

Mfuko ulikuwa mkubwa kama mto wa mtoto, umeshonwa kwa shuka kuukuu na kujazwa pamba iliyotoka katika godoro la mteja ambaye hakurudi kulichukua. Pamba ya godoro lililolaliwa miaka mingi haifichi mambo ya watu. Hii ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, tena ilikuwa na harufu. Mwanawe, fundi magodoro, aliichagua hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa laini na imechambuka vizuri, akampa mkewe aende nayo shuleni. Hilo ndilo lililomkera mama. Fundi mzima, mwenye jina mtaani, halafu mkewe anasimama mbele ya wakubwa na uchafu wa watu wengine.

Mama huyo alikuwa na miaka sitini na minane na alikwisha kukaguliwa mara nyingi. Bwana afya alikuja akaangalia choo. Watu wa leseni walikuja wakaangalia ukutani palipotundikwa leseni. Mwenye nyumba alikuja kila mwaka akaangalia paa. Wote waliangalia, hakuna aliyegusa kitu, na baada ya kuangalia waliandika. Kwa hiyo alijua mkaguzi ni mtu wa namna gani na anaandaliwa vipi. Alijaza beseni maji, akatumbukiza mfuko wa pamba pamoja na kipande cha blanketi kilichokuwa ndani ya kapu, akamimina sabuni ya unga bila kubania.

Mwenye kapu hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu mwenzake kunakili andalio la somo kwa mwandiko wa kupendeza. Fundi naye alikuwa ametoka na mkokoteni kupeleka godoro kwa mteja, upande wa pili wa mji.

"Mama Fundi, leo umeajiriwa kiwandani?" jirani muuza mkaa alimtania akipita na ndoo.

"Nafua pamba ya mwalimu wetu."

"Kumbe pamba hufuliwa?"

"Ikiwa inakwenda kuonana na wakubwa, hufuliwa."

"Na mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuagiza?"

"Ningekuwa nasubiri kuagizwa katika nyumba hii, panya wangekuwa wameshatuhamisha."

Muuza mkaa alicheka, akaenda zake. Mama alisugua, akasuuza mara tatu, akakamua kwa magoti, akaanika. Jua lilikuwa zuri. Jioni alipoanua, kipande cha blanketi kilikuwa kimekauka kabisa, na shuka ya mfuko wa pamba ilikuwa kavu kama karatasi.

*

Jumatatu alfajiri aliwasha pasi ya mkaa, akaupiga mfuko pasi pande zote mbili mpaka mishono ikanyooka. Mkaza mwanawe alipotoka kuoga aliukuta juu ya kapu, mweupe, una joto.

"Mama, umefua?"

"Nimefua, nimekamua, nimepiga pasi. Hata bwana harusi hapigwi pasi namna hii."

Mwalimu alishika mfuko. Kwanza alikasirika, kama anavyokasirika mtu yeyote aliyeguswiwa vitu vyake bila kuulizwa. Halafu akaona haya kwa kukasirika. Kitambaa kilikuwa kikavu na cha moto mkononi. Saa ilikuwa moja kasoro kumi.

"Asante, mama. Umejisumbua."

"Nisipojisumbua mimi, atajisumbua nani? Nenda, usije ukachelewa. Na akiingia usitetemeke. Wale watu hupenda mtu akitetemeka."

Mumewe hangeweza kusema neno. Alikuwa ameondoka kabla hapajapambazuka kwenda kununua vitambaa vya foronya.

Mwalimu alikuwa na miaka miwili kazini kwa majaribio. Katika daftari la mahudhurio ya walimu, majina ya wenzake yaliandikwa kwa wino. Lake liliandikwa kwa penseli. Alikwisha kukaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba anaongea mno. Mara ya pili aliambiwa kwamba wanafunzi hawafanyi chochote kwa mikono yao. Hii ya tatu ilikuwa ya mwisho: ama angethibitishwa, ama mkataba wake ungekoma pamoja na muhula. Na tangu magodoro ya sponji yaanze kuuzwa kila duka, fundi alikuwa akishona godoro moja kwa mwezi na kulizungumzia kwa miezi miwili. Mshahara wa penseli ndio uliowalisha wote watatu.

*

"Somo la leo mmelifanya mara ngapi?" Mwalimu Mkuu alimuuliza mlangoni mwa chumba cha walimu.

"Mara tatu. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa."

"Majibu wanayajua?"

"Wanayajua."

"Umewakumbusha mikono?"

"Nimewakumbusha."

Mikono ilikuwa utaratibu wa shule hiyo. Mgeni akiwapo, kila mwanafunzi hunyoosha mkono kwa kila swali: anayejua hunyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu huchagua wa kulia tu, na mgeni huona darasa zima lina akili. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita shule yake iliandikiwa maneno makali, na tangu siku hiyo alikuwa akinywa dawa za tumbo.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Makopo manne ya maziwa ya unga, yanayolingana, humiminiwa maji ya moto kipimo kimoja. La kwanza huachwa tupu bila nguo. La pili hufungwa gazeti, la tatu kipande cha blanketi, la nne huzungushiwa mfuko wa pamba na kufungwa kwa kamba. Baada ya dakika ishirini, kila kopo hupimwa. Lililobaki na joto jingi ndilo lililofungwa kwa kitu kinachozuia joto lisitoroke. Shule ilikuwa na vipimajoto viwili, na kimoja kati yake kilisoma ishirini siku zote, utie kwenye barafu au kwenye chai. Kwa hiyo kilitumika kimoja, kwa zamu.

Jumatano watoto walipima kweli kweli, wakasukumana, wakabishana, na namba zilipotoka waliziandika ubaoni: sitini na moja, sitini na tano, sitini na nane, sabini na moja. Alhamisi walipima tena, lakini namba zilikuwa bado ubaoni. Ijumaa walimimina maji, wakasubiri, wakatia kipimajoto na kutaja namba zile zile bila kukitazama. Mwalimu aliliona hilo. Darasa lilikuwa tulivu, somo lilikwisha kwa wakati, naye akanyamaza.

*

Mkaguzi alifika saa nne na robo. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na viatu alivyovilegeza kamba mara tu alipoketi. Alikataa kiti kilichoandaliwa mbele, akaenda kujibana kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti juu, fomu mapajani. Mwalimu Mkuu alisimama kando yake kama mtu anayesubiri hukumu ya kesi ya mwingine.

Wanafunzi arobaini na sita waliimba salamu. Mwalimu alieleza somo, akauliza maswali mawili, mikono arobaini na sita ikapanda, akachagua wa kulia, majibu yakatoka sawasawa. Maji ya moto yalimiminwa kutoka chupa ya chai. Kipimajoto kilisoma themanini katika makopo yote. Yalifungwa, dakika zikahesabiwa, na katika kusubiri waliandika tarehe na kuchora makopo. Mkaguzi aliandika pia. Mwalimu alijizuia asitazame kalamu ile.

"Muda umetimia. Kopo la kwanza!"

"Sitini na moja!"

"La pili!"

"Sitini na tano!"

"La tatu!"

"Sitini na nane!"

Zamu ya kopo la nne ilikuwa ya msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. Alichukua kipimajoto, akakifuta kwa sketi, akakitumbukiza, na kabla maji hayajatulia akanadi:

"Sabini na moja!"

Darasa lilipiga makofi kama lilivyofundishwa, matatu na kupumzika, matatu na kupumzika.

Mkaguzi aliinuka. Ilimchukua muda kujichomoa kwenye dawati. Alikuja mbele na viatu vyake vilivyolegea, akasimama karibu na meza.

"Binti, hebu kisome tena."

Redio alikiinamia kipimajoto. Alikigeuza kidogo, akakitazama upande wa pili, kama mtu anayetafuta bei kwenye nguo. Kisha akainua uso.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ile ile inayosikika uwanja mzima, "nisome cha leo au cha Ijumaa?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakimeza kicheko. Mwalimu Mkuu alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na mafua. Mkaguzi hakumgeukia mwalimu. Aliendelea kumtazama msichana, akingoja.

Mwalimu alijua maana ya swali lile kuliko mtu yeyote chumbani. Angeweza kusema kwamba mtoto amechanganyikiwa, kwamba Ijumaa walipima kitu kingine. Kulikuwa na nafasi ya kusema hivyo, ndogo, kama ya pumzi moja, nayo ilipita.

"Soma cha leo."

"Hamsini na saba."

"Mwalimu, kimeharibika!" mvulana wa dawati la mbele alijitolea kuokoa jahazi.

"Lipime kopo la kwanza tena," mwalimu alimwambia Redio.

Redio alikihamisha, na safari hii akasubiri. "Sitini."

Kwa hiyo kipimajoto kilikuwa kizima. Kopo lililovikwa nguo nene kuliko yote lilikuwa limepoa kuliko lile lililoachwa tupu. Watoto walimtazama mwalimu wao. Naye akawatazama, akasema jambo ambalo katika miaka miwili ya kusimama pale hakuwahi kulisema.

"Hata mimi sijui kwa nini."

Aliliweka kopo la nne katikati ya meza.

"Tutafanyaje tujue?"

"Tulifungue," alisema mmoja, taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole.

Mwalimu alifungua kamba. Mfuko ulikuwa na joto nje, la kopo. Alipoukata mshono kwa wembe wa kuchongea penseli na kuingiza vidole, vidole vilirudi vinang'aa maji.

"Mbichi!"

"Lete nishike! Ee, ina maji!"

"Mwalimu, pamba imeloa!"

Walimiminika kuizunguka meza, na hakuna aliyewazuia. Mwalimu alikuwa ameushika mfuko, anatazama mishono iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alijua mara moja ni mikono ya nani na kwa nini. Neno "mama mkwe" lilifika kwenye ulimi wake. Lingekuwa kinga nzuri. Mkaguzi naye alionekana ni mtu mwenye wakwe.

"Imefuliwa," alisema, "haikukauka ndani. Nami sikuikagua. Sasa niambieni: pamba ni ile ile, unene ni ule ule. Kwa nini kopo limepoa?"

Mikono ilipanda, ya kulia na ya kushoto, naye akasahau ipi ni ipi. Akamchagua mvulana mpole ambaye wenzake walimwita Babu kwa mwendo wake wa pole pole. Mkono wake ulikuwa wa kushoto.

"Mimi sare yangu ni moja," alisema Babu. Wachache walicheka, akawasubiri wamalize. "Mama akiifua jioni, asubuhi naivaa mbichi. Nikiwa njiani nasikia baridi kuliko ningekuja kifua wazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo maji yanakula joto langu. Na la kopo yamelila."

"Si kweli!" Redio alidakia. "Pamba ni nene. Sare yako nyembamba, ina matobo."

"Matobo yanahusu nini?"

"Upepo unaingia!"

"Sasa humu darasani upepo uko wapi?"

"Tufunge mawili!" mwingine alipaza sauti. "Moja pamba kavu, moja pamba mbichi. Tuone nani muongo!"

"Na moja sare ya Babu!"

Walicheka wote, Babu pia. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni mapendekezo yao, chaki ikikatika, wakati kengele ilipolia. Alikuwa amepitiliza muda aliojipangia kwa dakika kumi na tano, na andalio lake lenye mwandiko wa kupendeza lilikuwa sakafuni, limekanyagwa.

*

Ofisini walikuwa watatu. Mkaguzi alikunjua fomu juu ya meza.

"Somo hili lilifanywa mara ngapi kabla ya leo?"

"Mheshimiwa," alianza Mwalimu Mkuu, "sisi hapa tuna kawaida ya marudio ambayo..."

"Namuuliza mwalimu."

"Mara tatu."

"Nani aliyeamua hivyo?"

Mwalimu Mkuu aligeukia ukutani, akaanza kusoma chati ya mahudhurio aliyoichora yeye mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyefundisha," alisema mwalimu.

"Sikuuliza hilo."

"Najua."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, kisha akamtazama mtu aliyekuwa akisoma chati, akaandika kitu kifupi. "Hapa wananiuliza: je, matokeo yalilingana na andalio? Hayakulingana. Hapa: je, muda ulizingatiwa? Haukuzingatiwa. Hapa: je, wanafunzi waligundua wenyewe? Siku tatu walikariri, kisha wakagundua robo saa. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Nilichokiona hakina kisanduku. Nimekaa madawati ya nyuma miaka ishirini na miwili, mgongo wangu unajua. Robo saa kama zile sijaziona nyingi. Lakini wewe unaomba kuthibitishwa kwa somo zima, na somo zima lilikuwa mchezo wa kuigiza." Alifunika kalamu. "Sikuthibitishi. Wala sikuondoi. Nakuongezea muhula mmoja. Nitarudi, na sitatoa taarifa. Si kwako, si kwake."

Alifunga kamba za viatu, akaaga, akaondoka.

Mwalimu Mkuu alisubiri mlio wa gari upotee.

"Ungesema 'cha Ijumaa', mwalimu, ungepungukiwa nini?"

Mwalimu aliinama kuokota kapu lake.

"Na ungeweza kunitaja."

"Ningekutaja, ungeniandikia barua ya mapendekezo?"

Mwalimu Mkuu alifikiri kwa uaminifu. "Nisingekuandikia."

"Basi."

*

Mwalimu alifika nyumbani saa kumi. Fundi alikuwa karakanani, chumba cha mbele kilichotazama barabara, ameketi kwenye marobota ya vitambaa. Mkononi alishika kinyuzi cha pamba alichokiokota kwenye kamba ya kuanikia.

"Nani amefua pamba?"

"Mama."

"Na ukaipeleka?"

"Nikaipeleka."

"Hukuifungua? Pamba ni mnafiki, mke wangu. Juu imekauka, ndani unaweza kufuga samaki. Mtoto wa fundi anajua hilo!"

"Mimi si mtoto wa fundi. Ni mke."

Alimsimulia, bila kupunguza wala kutia chumvi. Alipofika kwa swali la Redio, fundi alijishika kichwa. Alipofika kwenye muhula mmoja wa nyongeza, alisimama.

"Nakwenda kumwambia. Safari hii lazima aambiwe. Juzi kapanga kamba zangu za vipimo vya wateja kwa urefu, sijui sasa ipi ya nani. Leo kakufulia kazi yako. Kesho atafua nini?"

"Kaa chini. Alitaka kutusitiri."

"Kututia matopeni!"

"Semeni kwa sauti," mama alisema kutoka ndani. "Mkinong'ona inabidi nisimame mlangoni, na miguu inauma."

Alitokea, amejifunga kanga kiunoni, mikono ina unga. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakukuwa na haja ya kuuliza kama mambo yalikwenda mrama. Fundi alikuwa na uso wa godoro lililorudishwa.

"Hakuipenda?"

"Mama," alisema fundi, "pamba ilikuwa mbichi."

"Najua ilikuwa mbichi."

Fundi alikaa.

"Nimechambua pamba na marehemu baba yako miaka arobaini," mama aliendelea. "Wewe nimekufundisha mimi. Pamba ukitaka ikauke unaifumua, unaitandaza siku tatu, unaigeuza. Nani hapa hajui? Nilikuwa na siku moja. Nikasema nje ikiwa safi inatosha, kwani itakaa mezani, ataiangalia, ataandika. Mnaniambia aliilalia?"

Mwalimu aliliweka kapu chini. Mfuko ule ulikuwa umelala chini ya kitanda chake tangu Jumatano. Kila jioni alikuwa amepita nao mbele ya mama huyu, akamwamkia, akaulizwa habari za shule, akasema nzuri. Watoto arobaini na sita aliwaeleza mara tatu. Katika nyumba ambayo watu wake walikula, wakavaa na kuzikana kwa pamba, hakumweleza mtu.

"Hukuniambia ni ya nini," alisema mama. Hakulalamika, alikuwa anataja tu jambo lilivyokuwa.

"Sikukwambia, mama."

"Haya. Niambie."

Mwalimu alivuta kigoda. Alieleza makopo, maji, dakika ishirini. Mama alisikiliza huku akijifuta unga vidoleni.

"Kwa hiyo lile lenye pamba linapata joto zaidi."

"Halipati. Makopo yote yameanza na joto moja. Pamba inalizuia lisitoroke upesi."

"Pamba ina joto. Kila mtu anajua."

"Haina, mama. Ukiiacha peke yake usiku kucha, asubuhi ni ya baridi kama sakafu."

Mama aliacha kujifuta unga. Alikumbuka magodoro ya asubuhi, kabla hayajalaliwa na mtu, yalivyokuwa chini ya kiganja chake. Alikumbuka mengi.

"Basi anayelala ndiye mwenye joto."

"Ndiye."

"Miaka arobaini nimekaa kwenye mlango huu nawaambia wateja, chukueni hili, lina joto. Kumbe tulikuwa tunawauzia joto lao wenyewe!"

Fundi alicheka bila kutaka, kicheko kilichomtoka puani.

"Wewe nyamaza. Hata wewe ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua kushona, mama. Hilo la joto sikuulizwa."

"Na maji?" Mama alimgeukia mkwewe. "Pamba mbichi inafanyaje?"

"Maji yanalitoa joto la kopo. Tena yakianza kukauka ndiyo yanazidi kulichukua. Kuna mtoto kasema leo, yeye sare yake ni moja..."

Alimweleza habari ya Babu. Mama aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho.

"Huyo ana akili. Mwambie mama yake aikamue ndani ya taulo." Halafu: "Kazi umeipoteza?"

"Bado ninayo. Wamenipa muhula mmoja. Atarudi kuniangalia tena."

"Siku gani?"

"Hasemi. Anaweza kuja kesho, anaweza kuja baada ya miezi mitatu. Saa yoyote, darasa lolote, atakalolikuta ndilo hilo hilo."

Mama aliufikiria ukaguzi wa namna hiyo. Haukufanana na ule wa bwana afya wala wa watu wa leseni, ambao mtu aliweza kuusikia unakuja nyumba tatu kabla. Akanyoosha mkono, akaomba apewe mfuko. Mwalimu aliutoa kapuni, mshono wake umekatwa, pamba inatokeza. Mama aliubonyeza kwa vidole viwili karibu na sikio, kama anausikiliza.

"Hii siku tatu," alisema. "Na nyingine ipo juu ya kabati, nzuri kuliko hii, huyu mume wako alikuwa ananibania. Tutatengeneza miwili, uwe na wa akiba."

"Mama, si lazima somo liwe lile lile. Siku hiyo huenda nafundisha mifupa."

"Mifupa siiwezi. Pamba naiweza." Alipiga magoti juu ya mkeka, akachana mfuko wote kwa mikono, akaanza kuifumua pamba, kidonge kwa kidonge, akiitandaza karibu na mlango palipobaki jua. "Hasemi siku?"

"Hasemi."

"Basi itakuwa kavu kila siku."